Saulo Kihwele na Waridi Lililoinamisha Shingo: Dabaga, 1911–1959

Marehemu Saulo Kihwele alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliisema kwa sauti ile ile mbele ya mabibi wa kizungu, wachungaji na wanawe: ua ambalo shingo yake haiwezi kulisimamisha, mtu asilisimamishe. Aliishika kanuni hiyo miaka kumi na minne akiwa mtunza bustani mjini Mbeya. Aliivunja siku moja, Jumamosi tarehe 17 Septemba 1955, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Wengi waliofika hapa leo wanaijua siku hiyo, au wanadhani wanaijua. Familia imeona ni vibaya kumzika mtu pamoja na uongo aliovishwa. Kwa hiyo wasifu huu utasema yote, hata yale ambayo hayampendezi yeye mwenyewe.

Saulo alizaliwa hapa Dabaga mwaka 1911, mtoto wa pili wa mzee Kihwele. Siku yenyewe haikuandikwa popote, lakini ubatizo wake uliandikwa tarehe 6 Januari 1913. Alisoma madarasa manne katika shule ya misheni, akajua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya tatu. Hakuendelea. Mwalimu wake alimkuta mara tatu nje ya darasa, amechuchumaa kwenye bustani ya nyumba ya wamisionari, na mara ya tatu akamwambia, “Saulo, chagua kitabu au jembe.” Alichagua jembe, akaajiriwa kwenye bustani ile ile, na hakuwahi kudai kwamba alifukuzwa.

Kwenye bustani ile ndipo alipokutana na waridi ambalo maisha yake yalifungwa nalo. Mke wa mmisionari alilileta kutoka Ujerumani mwaka 1938, mche mmoja ndani ya sanduku la mbao. Lilikuwa limetoka kwenye vitalu vya kwao miaka mitatu tu kabla, na kibati chake kiliandikwa Crimson Glory. Wapo hapa ambao hawakuliona, basi na lielezwe. Ua lake ni jekundu la kiza, kama damu ya ini, na jani la ua hilo ukiligusa ni laini kama mahameli. Harufu yake ni nzito, inakufikia kabla hujaliona. Halipandi juu, linatambaa kwa upana. Lina kasoro mbili ambazo hakuna mtunzaji aliyeziponya. Ukungu mweupe hulishika upesi kwenye baridi, na shingo yake ni dhaifu, kwa hiyo ua likifunguka huinama na kutazama chini. Likizeeka hugeuka rangi, likawa la zambarau linaloelekea bluu. Saulo alizijua kasoro hizo zote na hakumficha mtu hata moja.

Vita vilipoanza, wamisionari wale walichukuliwa na Waingereza, maana walikuwa Wajerumani. Bibi yule alipopanda gari alimwambia Saulo neno moja, “Litunze.” Mwaka uliofuata nyumba ilikaa tupu, mbuzi wakaingia bustanini. Juni 1941 Saulo alikata vijiti saba vyenye macho hai, akavifunga kwa kuvumwani mbichi ya magomeni, ile inayoshika maji, ndani ya ganda la mgomba, akapanda lori kwenda Mbeya kutafuta kazi. Lori lilikufa Igawa. Walikaa siku mbili kwenye joto la bondeni wakingoja chuma kutoka Mbeya, na maji ya kunywa yalikuwa ya kugawana kwa kikombe. Abiria mmoja alimwona akimimina nusu ya kikombe chake juu ya ganda la mgomba. “Wewe Mhehe,” alimwuliza, “una mtoto humo ndani?” Saulo akajibu, “Saba.” Walifika saba. Alivibebesha, yaani alichanja ganda la waridi-mwitu la kwenye fensi na kupachika jicho la waridi lile ndani yake, akalifunga kwa uzi. Sita walikufa. Mmoja alishika.

Mche huo aliupanda katika bustani ya Bwana na Bibi Thornley, nje kidogo ya mji wa Mbeya, ambako aliajiriwa tarehe 1 Julai 1941. Alifanya kazi humo miaka kumi na minne bila kuandikiwa kosa. Alipogolea kila wiki ya kwanza ya Julai. Kila chipukizi lililotoka chini ya kovu la mbebesho alilichimbua hadi mzizini, maana hilo ni waridi-mwitu linalotaka kurudi kwao. Kila Ijumaa alinyunyiza unga wa salfa dhidi ya ukungu, bila kitambaa usoni, kwa sababu hakuna aliyempa kitambaa.

Tarehe 4 Septemba 1943 alifunga ndoa na Esta binti Isakwisa wa Rungwe. Alichelewa kuoa, na siku ya kujitambulisha ukweni alipeleka, pamoja na vitu vingine alivyotakiwa, ua moja la waridi lile. Mzee Isakwisa alilishika mbali na mwili wake, akaligeuza.

“Linaliwa hili?”

“Haliliwi, baba.”

“Basi mbona limeinamisha kichwa hivi, kama mkamwana aliyekutana na baba mkwe njiani?”

Nyumba nzima ilicheka, maana Wanyakyusa wanajua jinsi mkamwana anavyompisha baba mkwe asimtazame usoni. Tangu siku ile waridi likaitwa Mkamwana, na Saulo hakulitaja tena kwa jina la kwenye kibati. Alisema mzee yule amelielewa kwa dakika moja kuliko wazungu kwa miaka mitano. Mungu aliwajalia watoto watatu: Edmund, Lutengano na Atupele.

Sasa lazima isemwe ile siku.

Mwaka 1955 chama cha watunza bustani wa kizungu mjini Mbeya kiliamua kwamba katika maonyesho ya Septemba, kwa mara ya kwanza, kadi ya ua itaandikwa pia jina la mtu aliyelitunza kwa mikono yake. Waafrika sita waliandikishwa. Saulo alikuwa mmoja wao, na mwingine alikuwa Anania, aliyekuwa akilima njegere na mikarafuu-maua, ile ya kizungu yenye harufu ya karafuu, kwa jirani wa Thornley, na ambaye alisali kanisa moja na Saulo. Kwa wiki nzima Saulo hakulala vizuri. Mtu asimcheke. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na jina lake halikuwahi kuandikwa mahali popote ila kwenye vitabu vya kanisa na kitabu cha mshahara.

Asubuhi ya maonyesho alikata maua matatu, akayaleta kwenye bomba nyuma ya jiko. Esta alikuwa hapo akifua. Bibi Thornley alikuja na kopo la hamira, akalifungua. Ndani mlikuwa na nyaya nyembamba zilizopakwa rangi ya kijani, kila moja shubiri moja.

“Saulo, tia hii ndani ya shingo.”

“Memsahib, maua hii inainama. Ni desturi yake.”

“Mwamuzi hapana taka maua ya kuinama. Anakata maki. Wewe nataka jina yako kusoma, au hapana taka?”

Esta anasema mumewe alitazama kopo lile kama mtu aliyeonyeshwa funza kwenye nyama. Alisema kwa Kinyakyusa, ili bibi yule asielewe, “Huyu anataka mkamwana amkodolee macho baba mkwe.” Esta akamjibu, “Basi kataa, Baba Edmund.” Hakukataa. Alichukua waya wa kwanza, akausukuma kutoka chini ya kikonyo mpaka ukaingia ndani ya tumba, akauficha. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Maua yakasimama, yakatazama mbele. Alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, akanawa tena kwa majivu, na bado akamwambia mkewe kwamba vidole vinanuka. Havikunuka kitu. Alikuwa amejichukia, na alistahili kujichukia. Mkono ulikuwa wake, na ndugu zake hawatamtetea katika hilo.

Penye mlango wa hema la maonyesho palibandikwa karatasi ya masharti. Sharti la nne lilisema ua lisimame bila msaada wa kitu chochote. Bibi Thornley aliipita karatasi hiyo akiwa amevaa glavu nyeupe, akimsalimu kila mtu kwa jina. Ndani ya hema mabibi waliinamia maua na kusifu yasiyostahili sifa, kila mmoja akijua la mwenzake na kunyamaza, kwa sababu na lake lilikuwa na jambo. Unafiki ule ulichukiza kuliko samadi ya wiki nzima. Samadi walau huzaa kitu.

Maua matatu ya Mkamwana yakapewa nafasi ya kwanza. Mwamuzi, mzee wa kizungu mwenye fimbo, alisoma kadi kwa sauti: “Saulo Kihwele.” Waafrika waliosimama nyuma ya kamba walipiga makofi, Anania akapiga mluzi. Saulo alikuja mbele. Yule mzee akamwuliza kwa Kiswahili chema, bila hila yoyote:

“Saulo, mimi pia ninalo waridi hili nyumbani. Nimelitunza miaka minane na kila ua linaniinamia. Nifundishe. Umeifanyaje shingo yake ikasimama?”

Angeweza kusema ni mbolea. Angeweza kusema ni Mungu. Mtu yule alikuwa amemwuliza kama mwanafunzi anavyomwuliza mwalimu, na hilo ndilo lililomshinda Saulo. Alinyanyua ua la kwanza kutoka kwenye chombo, akashika ncha ya waya kwa kucha, akauchomoa taratibu mbele ya watu wote. Ua likaanguka shingo.

“Sikuifanya, bwana,” akasema. “Ni waya. Hili halisimami.”

Ndipo Bibi Thornley akapaza sauti, “Huyu boi amenidanganya!” Akainua glavu zake ili watu wazione, kana kwamba kuna aliyekuwa ameomba kuziona. Mwamuzi akamwuliza Saulo ni nani aliyempa waya. Saulo alimtazama bibi yule, kisha akatazama ua.

“Mkono ulikuwa wangu,” akajibu.

Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine, isipokuwa kwa mkewe, naye Saulo alimkataza mkewe kulisema maadamu yeye Saulo yu hai. Alisema mtu aliyekiri kosa lake hana haki ya kugeuka papo hapo na kuomba mwenzake agawane naye. Leo Esta hana amri hiyo tena. Kopo la hamira, lililoachwa pale bombani asubuhi ile, analo, na ndani yake zimebaki nyaya tisa za kijani, kila moja shubiri moja, ambazo hakuna duka la Mbeya lililokuwa likiziuza. Mwenye kutaka kuziona aende nyumbani baada ya maziko. Waya haukuwa wa Saulo.

Aliachishwa kazi jioni ile ile, na Jumatatu tarehe 19 familia ikatolewa kwenye nyumba ya watumishi. Edmund aliacha shule akiwa darasa la tano. Wiki iliyofuata chama kile kikafuta majina ya Waafrika wote sita, kikasema hawaaminiki. Inachefua kusema hivyo, lakini inachefua zaidi kusema yaliyofanywa na watu wetu. Hakuna hata mmoja aliyemlaumu aliyeyafuta. Wote walimlaumu aliyesema kweli. Anania alimfuata hadi nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanatoka.

“Umetuharibia, kaka Saulo. Watu watano! Ungenyamaza tu, ungekufa?”

“Aliniuliza, Anania.”

“Mzungu akikuuliza unamjibu anachotaka! Wewe ni mtoto?”

“Alitaka kujua.”

“Haya, sasa amejua. Wewe umepata nini?”

Ndipo Anania akampachika jina la Mzee Waya, na wengine wakalidaka. Sokoni wanawake walimwita, “Mzee Waya, jogoo wangu shingo imelegea, njoo umtie waya!” Wanakwaya waliochelewa kusimama waliambiwa wangoje Mzee Waya awasimamishe. Wazee wa kanisa walilisikia jina hilo wakatabasamu, na mmoja wao alilitumia akiwa ameshika kitabu cha nyimbo mkononi. Baadhi ya waliolitumia wamesafiri kutoka Mbeya, wamevaa nguo nyeusi leo na wamekaa mstari wa mbele. Wasidhani wamesahauliwa.

Nafasi yake ya kazi ilichukuliwa na Anania. Anania hakuwa mvivu, lakini hakuwahi kuuliza kitu. Aliona machipukizi yenye nguvu yakitoka chini ya kovu, yakiwa na vijani saba kila kikonyo, alama ya waridi-mwitu, akayapenda, akayamwagilia na kuyapa samadi, na ule upande wa juu uliodhoofika akaanza kuukata. Saulo alipita njiani akaona, akasimama nje ya fensi.

“Anania, hiyo unayoilea ni mizizi. Ni waridi-mwitu hiyo. Ikate, mwenzake anakufa juu.”

“Pita zako, Mzee Waya. Hili langu linasimama lenyewe, hulioni?”

Mwaka uliofuata lilitoa vichala vya vimaua vyeupe visivyo na harufu. Bibi Thornley, aliyekuwa akijisifu kwa wageni kwamba ana waridi bora kuliko yote Nyanda za Juu, alitembeza wageni wake mbele ya kichaka cha fensi. Hilo nalo lisimfurahishe mtu. Kilichokufa pale kilikuwa kitu chema, na hakikuwa na kosa.

Familia ilihifadhiwa miezi mitano na Bi Mwanakhamisi, mpambaji wa maharusi, Mwislamu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichukua kwa Saulo maua yaliyopukutika kwa ajili ya kuwapamba wanawali. Hakuwa wa kanisa letu wala wa kabila letu. Alisema tu, “Ua ni harufu, mwanangu. Shingo wanaitaka wasio na pua.” Watu wa kanisa letu walipita mlangoni pake bila kubisha. Februari 1956 Saulo aliirudisha familia yake Dabaga kwa basi, akalima viazi na njegere za watu.

Ugonjwa ulianza mwaka 1957 kwa kikohozi kikavu. Daktari mjini Iringa alimwuliza kama amewahi kufanya kazi kwenye vumbi, akajibu kwamba amenyunyiza salfa kila Ijumaa kwa miaka kumi na minne. Daktari akaweka kalamu chini. Mwaka 1958 ilikuja barua ya Bi Mwanakhamisi, iliyoandikwa na mpwa wake. Ilisema kwamba katika yale matawi aliyoyapogolea Saulo Julai ya 1955, ambayo yeye aliyaomba ayachomeke kuzunguka banda la kuku ili paka wasiingie, moja lilikuwa limeshika lenyewe ardhini bila kubebeshwa, na sasa limetoa ua. “Ni jekundu la kiza,” barua ilisema, “na kuku wanalikwepa. Limeinama kama kawaida yake.” Saulo aliomba asomewe mara mbili. Alitaka kwenda Mbeya kuliona. Safari ile alijiandaa mara tatu, na mara tatu kifua kilimrudisha kitandani; mara ya mwisho alifika Nyololo, akashushwa na kurudishwa kwa gari la mbao.

Alifariki hapa nyumbani Jumanne tarehe 3 Novemba 1959, saa kumi jioni, akiwa na akili zake zote. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa kuuliza kama mvua imeanza.

Jana asubuhi yalifika mashada mawili kutoka Mbeya. La kwanza ni kubwa, limeletwa na Anania kwa niaba ya wenzake. Maua yake yote yamesimamishwa kwa waya. Mtu aliyempachika mwenzake jina la waya miaka minne amemletea waya jenezani, wala hakuona alichofanya. Esta alilitazama akatoka nje kutema mate. Shada hilo limewekwa nyuma ya jiko na litabaki huko. La pili si shada. Ni ua moja lililofungwa kwa kuvumwani ndani ya ganda la mgomba, limetumwa na Bi Mwanakhamisi kwa dereva wa basi. Limefika limezeeka, limegeuka rangi ya zambarau, na limeinama. Hilo ndilo lililo juu ya jeneza. Anayepita kutoa heshima asilinyooshe.

Marehemu ameacha mjane, Esta binti Isakwisa. Watoto watatu, Edmund, Lutengano na Atupele. Mdogo wake Jailos, mwalimu, anayesoma wasifu huu. Na baba mkwe wake, mzee Isakwisa wa Rungwe, ambaye kwa umri wake hakuweza kusafiri lakini ameagiza mkwe wake azikwe kwa jina lake kamili.

Saulo Kihwele, Bwana aliyekuumba na shingo yako akupokee hivyo hivyo, ulale salama.

Nyaya tatu alizozitia zilimgharimu heshima yake mbele ya nafsi yake kwa muda wa asubuhi moja. Kuuchomoa mmoja kulimgharimu kazi, nyumba, shule ya mwanawe na jina lake; na waridi lile, ambalo lilichanua tena maili mia mbili kutoka kitandani pake, hakuliona.